Mkufu Uliogeuka Mweupe

Kila asubuhi Linet alisugua meno kwa majivu mpaka fizi zikatoka damu. Meno yenyewe hayakubadilika. Yalikuwa ya manjano, membamba, yenye vijishimo, na uji wa moto ukiyagusa aliruka. Akicheka alifunika mdomo, kama alivyofanya babake, Ochieng.

Shuleni kwao Macalder, penye machimbo ya dhahabu, aliyemtesa zaidi ni Priscah, binti wa mnunuzi wa dhahabu.

"Wewe Linet, si kosa lako," Priscah alimwambia siku moja mbele ya darasa zima. "Mamako anaosha dhahabu kwa zebaki. Alipokuwa na mimba yako, mikono ilikuwa humo humo. Zebaki ikala meno yako."

Darasa likaangua kicheko. Angetukanwa yeye, Linet angevumilia. Lakini mama! Akaapa kwamba Priscah atalia.

Priscah alivaa mkufu mwembamba wa dhahabu chini ya kola, walimu wasiuone. Wakati wa netiboli aliuvua na kuuficha ndani ya kiatu darasani. Linet alijua jambo ambalo kila mtoto wa machimboni anajua: zebaki ikigusa dhahabu huing'ang'ania, na dhahabu hugeuka nyeupe. Aliiba tone kutoka kwenye chupa ya mama. Wenzake walipokuwa uwanjani, akalimwaga juu ya mkufu.

Priscah alipouona alipiga mayowe. Linet akacheka, mdomo wazi, meno yote nje. Ilikuwa tamu.

"Cheka tu," Priscah alisema akifuta machozi. "Nikifika nyumbani nitauchoma jikoni zebaki itoke, kabla Mama hajauona."

Utamu ukaisha. Jiko la kina Priscah halikuwa na dirisha, na ndugu yake mchanga, Bonface, alilazwa humo. Linet alimjua jirani aliyechoma dhahabu ndani ya nyumba, akavuta moshi wa zebaki. Mikono yake hutetemeka mpaka leo.

Kengele ya kwenda nyumbani ikalia. Linet akashika njia ya kwao. Si alitaka Priscah alie? Akatembea kidogo, akasimama. Kisha akakimbia mtoni kwa mamake, Marcella, akamweleza yote.

Marcella aliacha karai pale pale. Walipofika, Priscah alikuwa akipuliza makaa, mkufu uko kwenye kijiko.

"Weka chini!" Marcella alifoka. "Mama Bonface! Toa mtoto nje!"

Mkufu ulipelekwa kwa wachimbaji wenye chombo cha kunasa moshi. Linet aliomba msamaha, akachapwa na maneno ya mama wote wawili. Njiani akasema, "Lakini Mama, alisema wewe ndiye uliyeharibu meno yangu."

Miaka yote hiyo Marcella naye aliogopa hivyo hivyo.

Juma lililofuata Linet na wazazi wake walikwenda wote watatu hospitalini, mjini Migori. Daktari wa meno alimtazama Linet, kisha akamwomba Ochieng afungue mdomo. Ochieng alisita, akafungua. Meno yale yale.

"Na mama yako?" daktari akamuuliza Ochieng.

"Yake pia, Daktari. Tulidhani ni maji ya kwao."

"Si maji, wala si zebaki. Jino likiwa bado ndani ya fizi huvikwa gamba gumu, enameli. Jeni, yaani maagizo ambayo mtoto hurithi kwa wazazi, ndizo huongoza kazi hiyo. Katika ukoo wenu jeni moja ina kasoro, ndiyo maana gamba hutoka jembamba. Tutayafunika meno haya. Nawe Linet, acha majivu. Unakwangua hata hicho kidogo ulicho nacho."

Marcella alifuta macho kwa leso.

"Kwa hiyo Priscah ni mwongo!" Linet aliruka. "Kesho atanitambua!"

"Nyathina," babake alisema, yaani mwanangu. "Kesho utamwambia ukweli, basi. Meno haya nilikupa mimi. Hukuyaomba, usiyaonee aibu. Lakini lile tone la zebaki hukulirithi kwa mtu. Ulilichukua kwa mkono wako, na nusura limdhuru mtoto ambaye hajui hata jina lako."

Aliyasema hayo bila kufunika mdomo.