Kiti cha Hester Quill

Jumatatu asubuhi, wiki moja baada ya sherehe ya tuzo, Verna Stoltz alishusha kipande cha filamu kutoka kwenye kulabu yake akakikuta kimelowa. Doa dogo tu, pembeni, la mdomo wa mtu.

Wakataji wote wa filamu pale Hollywood, wale wanaokata vipande vilivyopigwa na kuviunga viwe hadithi moja, walikuwa na mtindo huo. Ukivaa glavu, na chumba kina giza, njia ya haraka ya kuujua upande wenye picha ni kuigusisha filamu mdomoni: upande unaonata ndio wenyewe. Lakini Verna alikuwa wa kwanza kufika, na mlango aliufungua kwa ufunguo wake mwenyewe. Isitoshe, wenzake wote wa studio ya Halberd waligusisha katikati ya mdomo. Aliyegusisha pembeni, kushoto, alikuwa mmoja tu, Hester Quill, naye walimzika Februari.

"Sikulala vizuri," Verna akajiambia, akalifuta doa kwa kitambaa.

Hester ndiye aliyeikata ile filamu ya mafuriko iliyopata tuzo. Alikaa nayo miezi kumi na mmoja huku akikohoa, na Verna, msaidizi wake wa miaka tisa, alikaa ubavuni akimbandikia vipande kwa gundi. Ilipokwisha filamu, Hester naye akaisha, mapafu yamejaa maji. Jina lililoandikwa juu ya kazi hiyo lilikuwa la mkuu wa idara, Bwana Lyle Cordray. Mkataba wake ulisema kila filamu itakayotoka idarani mwake itabeba jina lake, hata ambazo hakuwahi kuzitazama, nazo zilikuwa nyingi.

Mwaka huo kamati ya tuzo iliingiwa na mashaka. Ikataka barua ya kiapo: nani hasa aliyeikata filamu hii? Verna akaapa kwamba ni Bwana Cordray. Malipo yake yalikuwa kiti cha Hester, mashine ya Hester, na jina, Verna Stoltz, chini ya la Cordray, mbele ya watazamaji wa Marekani nzima. Maiti hana haja na jina, alijiambia. Watu husema hivyo wakiwa wameshakishika cha mwenzao mkononi.

Cordray alipanda jukwaani, akaikumbatia sanamu ya dhahabu, akalia. Alilia vizuri sana. Ndiyo kazi aliyoiweza.

Jumanne chumba kilinuka gundi ya filamu, harufu kama ya peasi zilizoiva kupita kiasi, na chupa zote zilikuwa zimefungwa. Jumatano Verna akiwa anatundika kofia yake, mashine ya kutazamia ikaanza kutatarika peke yake nyuma yake, tata-tata-tata, kisha ikasimama, kisha ikarudi nyuma kidogo, kama afanyavyo mtu aliyeona kosa.

Alikimbilia ofisini kwa Cordray.

"Bosi, ile mashine… inajiendesha."

"Ita fundi wa umeme."

"Haiendi kwa umeme, bosi. Inakanyagwa kwa mguu."

Cordray alikuwa akiipangusa sanamu yake kwa leso. Mkono ulisita. "Verna, mama, umechoka. Ijumaa unakuja kutia saini mkataba wako. Unataka wakubwa waambiwe kwamba mkataji wao mpya anasikia miguu ya marehemu?"

"Mimi sijasema ya marehemu."

Wakatazamana. Cordray akaurudisha mlango taratibu, akashusha sauti. "Hata mimi kuna kikohozi nakisikia. Tangu Jumapili. Sasa nyamaza, wewe na mimi tumo mtumbwi mmoja."

Alhamisi, saa sita mchana, jua la California likiwaka nje kwa ujeuri wake wa kila siku, Verna aliweka kwenye mashine picha zilizopigwa jana yake, za mwigizaji akishuka ngazi, akakanyaga. Mwigizaji alishuka. Kisha kwenye kile kioo kidogo kisichozidi kiganja ikaja picha nyingine, mkono wa mwanamke ukitia saini barua, na Verna akaujua mkono kwa alama ya kuungua kwenye kidole gumba, kwa maana ni wake, akataka kuuondoa mguu kwenye kikanyagio lakini miguu ilikuwa tayari chini sakafuni, yote miwili, na mashine bado inatatarika, na sasa kioo kilionyesha chumba hikihiki, kiti hikihiki, mgongo wa mwanamke aliyeinamia mashine, na nyuma ya mgongo huo mtu mwembamba mwenye glavu nyeupe, akisogea hatua moja katika kila picha, mpaka glavu ikafika begani, na Verna akaisikia, begani pake, baridi na nyevu, na pembeni mwa sikio lake la kushoto mtu akakohoa.

Alijikuta sakafuni. Aliyekuwa akimpepea kwa aproni alikuwa Doña Refugio, Mmeksiko aliyefagia masalio ya filamu katika idara ile. Wakataji walimcheka kwa misalaba yake mchana, na wakipatwa na jicho la husuda walimfuata kwa siri.

"Kaa hivyo hivyo, binti yangu," alisema. Akatoa yai kwenye kikapu cha chakula chake, akalipitisha kichwani, mabegani na viganjani mwa Verna ili linyonye kilichomwingia, akinong'ona majina ya watakatifu wake, kisha akalipasua ndani ya glasi ya maji. Harufu ya gundi ikajaa chumbani. Ndani ya yai hamkuwa na kiini. Mlikuwa na maji meusi.

Doña Refugio akasukuma glasi mbali.

"Mfukuze," Verna akamwomba. "Nitakulipa chochote."

"Nimfukuze nani? Mgeni ndiye anayefukuzwa. Huyu yuko kazini kwake."

"Basi anataka nini?"

"Wewe unajua. Ulimfungia mlango kwa mdomo wako, mfungulie kwa mdomo wako. Nenda kwenye ile kamati, useme."

"Nikisema, sitapata kazi studio yoyote mji huu. Miaka tisa, Doña Refugio! Miaka tisa nabandika vya watu."

"Yeye alikata kwa miaka ishirini," alijibu mwanamke yule, akaokota ufagio wake. "Hicho kiti kina mtu. Ukikikalia, utamkalia."

Ijumaa saa nne Verna alisimama kwenye kibanda cha simu kando ya lango la studio. Namba ya kamati alikuwa nayo. Alitumbukiza sarafu, akasikia sauti ya msichana wa kamati ikiuliza, "Halo? Halo, nani mwenzangu?" Akaliona akilini jina lake kwenye pazia la sinema, herufi nyeupe, urefu wa mlango. Akakata simu.

Kwa Cordray mkataba ulikuwa mezani.

"Msichana mwerevu," Cordray alisema. "Hapa chini."

Alipoishika kalamu, harufu ya peasi iliyomfuata tangu Jumanne ilikatika. Kikohozi hakikuwepo. Verna alishusha pumzi, ya kwanza nzima tangu Jumatatu, akatia saini haraka, akatabasamu.

Cordray aliuvuta mkataba, akausoma. Uso wake ukapauka taratibu, kuanzia midomo.

"Huu ni utani?"

"Utani gani, bosi?"

Akaugeuza. Chini, kwa mwandiko mwembamba ulioinama kushoto, palisomeka: *Hester Quill*.

Verna aliipokonya kalamu akaandika tena, polepole, herufi moja moja. Hester Quill. Akajaribu kwa mkono wa kushoto. Hester Quill.

"Verna," Cordray alinong'ona akisogeza kiti chake nyuma mpaka ukutani. "Niambie unaitwa nani."

Alilitafuta jina lake, akalipata, akalifikisha mpaka kwenye ulimi. Lakini kilichotangulia kutoka kilikuwa kikohozi, kirefu, chenye maji. Kisha mwanamke aliyeketi pale akavaa glavu zake, kidole kimoja kimoja.

"Na sasa, Lyle," alisema, "tuanze na ile barua."