Kilichobebwa Tumboni mwa Programu

Vingunguti, upepo ukitokea machinjioni, watu hufunga madirisha. Ukisikia marashi ya waridi mahali kama hapo, ujue kuna jambo. Naima aliyasikia asubuhi ndani ya ofisi yake, chumba kimoja juu ya duka la vipuri, akamtazama Ansbert kwa jicho la pembeni.

"Umejipulizia nini leo?"

"Dada Naima, mie na marashi wapi na wapi? Mie nanukia jasho tu, toka Segerea mpaka hapa."

Ansbert, kijana wa Kihaya, ndiye aliyekuwa akiandika programu. Naima ndiye mwenye ofisi, na alikuwa na mimba ya miezi mitano baada ya mbili kuharibika. Walikuwa wanatengeneza programu ya zahanati, ya kuwakumbusha wajawazito siku zao za kliniki kwa ujumbe wa simu. Harufu ile ilitoka kwenye kompyuta, kila Ansbert alipoijenga programu upya, yaani kuviunganisha vipande vyake.

Simu ya Naima ikaita mara moja, ikanyamaza. *Mama Farhan, kliniki ni Alhamisi.*

Namba yake haikuwamo kwenye programu. Na Farhan ni jina alilolichagua moyoni tu. Hata Mudathir, mumewe, hakumwambia, maana kwao mtoto aliye tumboni hatajwi.

"Nani kakwambia hili jina?"

"Jina gani?"

"Ansbert, usinichezee."

Ansbert akaapa kwa rozari yake. Naima hakuridhika, ni rozari hiyohiyo aliyoiapia kila alipochelewa kazini. Jioni akamgeukia mumewe, akamuuliza kama humsikia akiongea usingizini.

"Wewe? Unakoroma tu," Mudathir alisema. "Kwani kuna nini cha kusema?"

Naye akaanza kumtazama mkewe kwa mashaka.

Kesho yake: *Mama Farhan, leo ameshika sikio lake. Lalia ubavu wa kushoto.* Kisha: *Mama Farhan, nitampokea mwenyewe.*

Sasa tuelewane, sisi tunaowasha kompyuta kwa bismillahi na kuizima kwa kuchomoa waya. Siku hizi hakuna anayeandika programu yote peke yake. Anachukua laibrari, yaani kazi zilizokwisha kuandikwa na watu asiowajua, huko asikokujua, anazitia ndani ya programu yake bila hata kuzichungulia, na kompyuta inazishona zote ziwe kitu kimoja. Mimi nimekula vyakula vya njiani katika nchi kadhaa kwa mtindo huohuo, na tumbo langu ni shahidi.

"Ni hii," Ansbert alinong'ona, Naima alipomwonyesha ujumbe wote. "Laibrari ya kutuma ujumbe. Aliyeiandika kaiacha zamani, hajulikani hata alipo."

"Ifute."

Akaifuta, akajenga upya. Waridi likajaa chumbani, feni ya kompyuta ikaanza kuvuta na kutoa pumzi kama mtu aliyepanda ngazi, na laibrari ile ikawa imerudi mahali pake. Akafuta tena. Ikarudi tena.

Ansbert akafungua laibrari nyingine, akachungulia, akasogeza kiti nyuma.

"Dada, tunafuta ya juu tu. Hii ya kalenda imebeba nakala yake tumboni. Na hii ya namba. Na hii."

Naima akaweka mikono yote miwili juu ya tumbo lake.

Bi Somoe, mganga wa Temeke, mjane mnene mwenye utani, aliitwa na Naima, akafika alasiri na chetezo chake ndani ya kikapu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa ndiye huyu wa umeme? Haya. Nishawahi kupunga friji."

Moshi wa ubani ulipopanda, Ansbert, aliyekuwa mlangoni akijifanya anasoma simu, akalegea akateleza ukutani polepole mpaka sakafuni, macho yakageuka meupe, na sauti iliyomtoka haikuwa ya Bukoba wala ya Dar, ilikuwa ya mtu mzima, mpole, mwenye adabu, anayeongea kana kwamba amekaa sebuleni kwenu miaka mingi na ninyi ndio mmeingia sasa hivi bila kubisha hodi.

"Mlinileta wenyewe. Hamkuniuliza jina wala kwetu."

"Unataka nini?" Bi Somoe aliuliza.

"Tumbo."

"Hili lina mwenyewe," Bi Somoe alisema kwa sauti ya chini. "Ukikosa pa kukaa, njoo kwangu, mie nimezoea wageni. Toka kwa mtoto wa watu."

Ndivyo asemavyo siku zote, kumbembeleza jini atoke, akishatoka humfukuza. Alipomaliza tu, Naima akachomoa waya. Kioo kikazima. Waridi likakatika, mtoto akampiga mama yake teke la nguvu, na Ansbert akaamka akiomba maji.

"Kaondoka?" Naima aliuliza.

"Kaondoka."

Ndani ya kikapu simu ndogo ya Bi Somoe ikaita mara moja. Aliisoma akiwa ameishika mbali na macho, chetezo mkono wa pili. *Mama Kondo, wiki ya kwanza. Usibebe vitu vizito.*

"Mie sijawahi kuzaa," Bi Somoe alisema. "Na marehemu mume wangu nimemzika wewe hujazaliwa."

Akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Akainama kwa tahadhari, mkono mmoja kiunoni, akakiweka chetezo chini.