Mbwa Aliyeitwa Njoo Uone

Mbwa hafi hivi hivi, jamani. Asubuhi amekula ugali na vichwa vya furu, vile visamaki vya ziwani, saa sita mchana yuko chali mlangoni. Hana povu, hana jeraha, ila mdomo umejaa mchanga mbichi wa ziwani. Na mnyororo bado uko shingoni! Ziwa lenyewe ni nusu saa kwa mguu.

Sabina wa Buhare, mwenye mbwa, hakutaka kusikia habari ya daktari wa mifugo. "Ni Robi," alisema.

Robi ni jirani yake, nyuma ya ua wa minyaa. Miaka mitatu nyuma, kwenye uwanja wa kanisa la Nyegina, alimwita Sabina tasa mbele ya akina mama wenzao. Sabina alitafuta mtoto wa mbwa, akampa jina la kumrushia Robi maneno, kama tunavyofanyaga huku kwetu: Njoo Uone. Kila jioni aliita kwa sauti ya kuvuka ua, "Njoo Uone! Njoo mwanangu!" Robi alikuwa anacheka tu. "Mtoto gani ana mkia?"

Sasa mbwa huyo amekufa. Sabina alimzika na kitenge chake kizuri, akalia sana. Kisha akasimama uani, jua bado kali, akageukia kwa Robi kwa hasira: "Njoo uone ulichofanya! Njoo uone!"

"Nimekuja," kitu kikajibu.

Upepo ulikata. Kuku walinyamaza, harufu ya matope ya ziwani ikapanda, na nyuma ya Sabina ule mnyororo aliokuwa ameutundika msumarini ukaanza kuburuzika chini, taratibu, ukimzunguka, huku kwenye vumbi kavu zikitokea nyayo za maji, moja baada ya nyingine, nyayo za mtu lakini zina kucha, hata zikasimama mbele ya vidole vyake vya miguu.

"Miaka mitatu unaniita." Sauti ilikuwa ya Sabina mwenyewe. "Nione nini?"

Sabina alinyoosha kidole kwenye ua wa Robi. "Yule pale. Aliyeniulia mbwa."

"Mbwa nimemuua mimi. Kila nikija ananizuia mlangoni." Kikacheka chini chini. "Lakini kwake nitaenda. Ukiniita tena, nitarudi kwako."

Minyaa ikatikisika. Punde si punde, ng'ambo ya ua, sufuria ikaanguka.

"Sabina! Mama weee! Mwite mbwa wako, ananikaba!"

Sabina alisogea mpaka kwenye ua. Akauliza polepole, "Nimwite nani?"

"Mwanao! Nisamehe dada'angu, mwite mwanao!"

Maneno mawili tu, njoo uone, na Robi asiyekuwa na hatia ya mbwa angepona. Sabina alifungua mdomo. Aliangalia mlango wake mwenyewe, ambao sasa hauna wa kuulinda, akaufunga mdomo. Robi alipoanza kukoroma kama anayekata roho, yeye aliingia ndani akabandika maji ya chai.