Kimya cha Nyanjige

Mashimba alimkanyaga Nyanjige mguu sokoni Bariadi, mbele ya wauza dagaa, akiwa na paneli ya sola begani. Kiatu cheupe cha Nyanjige kikaingia tope, na tope likarukia hadi pindo la gauni la kitenge cha kijani.

"Samahani, mayu. Sikukuona," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Nilivyo mrefu hivi, hukuniona?"

"Sasa nimekuona. Nipe namba, nikuombe radhi vizuri."

Akampa. Kufika masika, simu ya Nyanjige haikupumzika. Mashimba, fundi wa sola wa Lalago, alituma ujumbe akiwa juu ya mapaa ya watu: "Umekula, mpenzi?" "Mbona kimya, malkia?" Nyanjige naye, kwenye duka la dawa alikouza kule Somanda, alijibu huku simu kaificha chini ya kaunta, akicheka peke yake. Martha, mwenye duka, alimwonya mara mbili.

Asubuhi moja alikuwa akimhudumia mama wa Ngulyati, simu ikatetemeka. Akasoma, akatabasamu, akaandika kwenye boksi la dawa ya mtoto: vijiko viwili. Ilitakiwa nusu kijiko. Alipogundua, mama ameshaondoka. Alipanda bodaboda hadi Ngulyati, akaulizia nyumba hadi akaipata. Akakuta chupa haijafunguliwa.

"Nimekuletea boksi lingine, lile limechanika," akasema, akaondoka.

Tangu siku hiyo simu ilizimwa na kukaa kwenye mkoba wa Martha mpaka saa kumi na moja jioni. Kazi ikamnyookea. Lakini kila jioni alikuta jumbe ishirini, na aibu ilimzuia kueleza.

"Nilikuwa kazini," Nyanjige alisema Mashimba alipompigia.

"Zamani hukuwa kazini? Mbona ulijibu? Kama umepata mwingine, sema."

Hakusema. Mashimba akaacha kupiga.

Baada ya wiki tatu aliingia dukani, shati la bluu limepigwa pasi, macho mekundu.

"Nimekuja nisikie kwa mdomo wako."

"Nimalize kwanza na wateja."

Akasubiri kwenye benchi, akimtazama anavyosoma kila boksi mara mbili. Walipotoka nje, Nyanjige akamweleza yote.

"Ujumbe huo ulikuwa wangu?"

"Wako. Lakini aliyeufungua ni mimi."

"Nilidhani umenichoka. Nilitaka kutuma wazee kwa baba yako."

"Wasije kwanza. Yule mama nilimdanganya. Siwezi kuolewa na jambo hili kifuani."

"Basi twende wote."

Jumapili wakaenda Ngulyati. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, akimhamisha mtoto kutoka nyonga hii kwenda ile.

"Usingekuja, ningejua?"

"Usingejua, mayu."

"Dawa nitanunua kwingine," mama akasema. "Lakini kaeni, mnywe maji."

Wakanywa. Njiani kurudi Nyanjige alilia, na Mashimba hakumbembeleza. Alitembea tu karibu naye. Walipofika barabara ya lami, Nyanjige akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Wazee waje," akasema.