Vijipira Viwili vya Rubani

Kila Jumamosi Kisoda alifua sare yake, akaianika, akajaza pipa la maji la mama yake, kisha akashika njia ya shuleni mbio mbio. Jina la Kisoda alipewa na wenzake tangu darasa la sita kwa sababu ya ufupi wake. Alilizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Nyuma ya maabara ya shule kulikuwa na stoo. Humo Fundi, aliyejifunza umeme kwa kufungua redio mbovu, na ambaye hadi leo alipanda stuli ili kufikia swichi ya taa, alikuwa ameunda mashine ya kujifunzia kurusha ndege. Kuta zilikuwa za mbao, mbele kukiwa na skrini kubwa. Kiti kilitoka kwenye gari kuukuu, nacho kilikuwa na mpini wa kukipandisha na kukishusha. Juu ya dashibodi alisimamisha vijipira viwili, chekundu mbele na cheupe nyuma yake.

"Ukishakaa," alizoea kusema, "rekebisha kiti mpaka chekundu kifiche cheupe. Hapo jicho lako liko mahali pake. Kisha uniambie. Mimi siwezi kuingia kwenye jicho lako."

Siku hiyo haikuwa ya mchezo. Wanafunzi wawili wangechaguliwa kwenda chuo cha marubani Jumatatu. Kila mmoja alipewa majaribio matatu, na sharti lilikuwa kutua walau mara moja ndani ya mistari myeupe. Walipiga kura, na zamu ya kwanza ikamwangukia Kisoda.

Alikaa, akavuta mpini mpaka kiti kikagoma kupanda zaidi. Bado cheupe kilichungulia chini ya chekundu. Kwenye rafu kulikuwa na mto. Akanyoosha mkono.

"Mleteeni na chupa ya maziwa," alisema Twiga, mvulana mrefu kuliko wote, na stoo nzima ikaangua kicheko.

Kisoda akaurudisha mkono.

"Vijipira vipo vipi?" aliuliza Fundi.

"Viko sawa, Fundi."

Ndege ikaanza kushuka. Dashibodi ilimficha njia ya kutua ndege, naye akainamisha pua ya ndege kidogo ili aione. Akainamisha tena. Magurudumu yakagusa majani, mbali kabla ya mistari. Mara ya pili ikawa vilevile.

Fundi alijikuna kidevu. "Mkono wako mtulivu, na vijipira umesema viko sawa. Basi kosa ni langu, skrini imehama." Akachukua bisibisi. "Samahanini wanangu. Itabidi niifungue yote niipime upya. Kwa leo hatuwezi kuendelea."

"Na chuo je?" aliuliza Twiga.

"Nafasi zetu zitakwenda shule nyingine."

Hakuna aliyecheka sasa. Fundi alikwisha kulegeza skrubu ya kwanza, akawa anaishika ya pili.

"Fundi, usifungue," alisema Kisoda. "Cheupe nakiona. Nilikiona tangu mwanzo."

Bisibisi ikasimama. "Mbona hukusema?"

"Niliona aibu kukalia mto."

Fundi aliielekeza bisibisi kwenye rafu. "Mto ule unadhani niliuweka kwa ajili ya nani? Ni wangu mimi. Bila huo naona dashibodi tupu."

Akaikaza ile skrubu, akamletea mto mwenyewe. Kisoda akaukalia, akarekebisha kiti taratibu mpaka cheupe kikapotea kabisa. Njia ya kutua ilitanda mbele yake yote, kama mkeka uliokunjuliwa. Hakuhitaji kuinamisha pua ya ndege. Magurudumu yaligusa mstari wa pili, yakatulia hapo.

Ikafuata zamu ya Twiga. Aliketi, akaangalia vijipira. Kisha akasema polepole, "Fundi, mimi cheupe kinachungulia juu. Na kiti kimeshuka mpaka mwisho."

"Umeukalia mto, mwanangu. Utoe."

Safari hii walicheka wote, na Twiga akacheka pamoja nao. Akautoa, akampa Kisoda aushike. Katika jaribio lake la pili alitua ndani ya mistari. Hadi jioni, wengine wote hawakuweza.

Walipokuwa wakifunika mashine kwa shuka, Fundi alimwita Kisoda pembeni.

"Skrini naweza kuipima kwa rula, na kiti pia," alisema. "Unachokiona wewe sina rula yake. Ukinidanganya hapo, nitafungua kizima na kukiacha kibovu, tena kwa moyo safi kabisa. Leo umesema ukweli ukiwa umechelewa kidogo, lakini umeniwahi kwenye skrubu ya kwanza. Siku nyingine usiingoje hata hiyo."

"Nimekuelewa, Fundi."

"Basi nipandie stuli, uzime taa."

Kisoda akapanda, akanyoosha mkono, akaizima.