Vibanio Vyote Kwenye Furaha

Kila asubuhi kengele ikigongwa, wanafunzi wa darasa la saba waliingia darasani kwao. Wiki hiyo msichana mmoja wao alipita uwanjani akiburuta miguu kuelekea chekechea, uso kaukunja kama aliyetumwa kuzoa taka. Wenzake walimwita Profesa. Walimpa jina hilo kwa utani, maana hakuna asilolijua na hakuna alijualo akalinyamazia. Yeye, masikini, alilipokea kama cheo.

Shuleni kwao kila mwanafunzi wa darasa la saba alipangiwa wiki moja ya kumsaidia mwalimu wa chekechea. Wengine waliifurahia, kwa kuwa watoto wadogo wana vituko. Profesa aliiona ni matusi.

"Nimesoma miaka yote hii nije kufuta watu makamasi?" alimlalamikia mama yake.

Mama alikuwa anamenya viazi, wala hakuinua macho. "Kwani wewe yako alikufuta nani?"

Kilichomkera Profesa kuliko makamasi ni ule ubao. Mwalimu wa chekechea alikuwa amekata maboksi, akachora nyuso nne na kuzibandika ukutani: furaha, huzuni, hasira na woga. Kila mtoto alikuwa na kibanio chake cha nguo chenye alama yake. Akiingia asubuhi, alikibana kwenye uso unaofanana na moyo wake. Kisha mwalimu alipita akiutazama ule ubao, akapiga magoti mbele ya mtoto mmoja mmoja.

"Leo una hasira, mwanangu. Hasira yako iko wapi, tumboni au mikononi?"

"Mikononi," mtoto alijibu, ngumi zimefungwa.

"Basi ipe udongo kazi."

Mtoto alifinyanga udongo, akaupiga, akaukunja, na baada ya muda alikuwa anacheka. Mtu mwenye busara angetazama akajifunza kitu. Profesa alikuwa na akili nyingi mno kwa jambo dogo kama hilo. Alisimama pembeni akibenua midomo.

"Mwalimu, hivi si kuwadekeza?" aliuliza. "Mtoto akilia si anaambiwa anyamaze tu?"

"Akinyamaza, kilichomliza kinakwenda wapi?" mwalimu alimuuliza.

Profesa aliamua kwamba swali ni la kijinga. Ndivyo alivyozoea kuyashinda maswali magumu.

Katika watoto wale alikuwamo mmoja aliyeitwa Tembo, kwa sababu ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote. Siku mbili mfululizo Tembo alibana kibanio chake kwenye woga. Mwalimu alipomuuliza, alisema tu, "Mama tumbo linamuuma," akajificha kwenye sketi ya mwalimu. Mama yake alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia. Mwalimu alikaa naye, akamweleza kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa, tumbo la mama huuma, na kwamba kuna wauguzi wa kumsaidia. Kila alipoambiwa hivyo, Tembo alitulia kidogo.

Siku iliyofuata ilikuwa ya mkaguzi. Shule nzima ilipigwa deki tangu alfajiri. Mwalimu wa chekechea aliitwa ofisini kumpokea mgeni, akamwachia Profesa darasa. "Waache wabane vibanio vyao kama kawaida," alimwagiza. "Nakuja sasa hivi."

Watoto wakabana. Profesa akautazama ubao. Wawili hasira, watatu huzuni, na Tembo, kama kawaida yake, woga. Mkaguzi angesemaje? Angedhani ameingia msibani! Tena angemkuta nani amesimama mbele ya aibu hiyo? Yeye, wa kwanza wa darasa la saba!

Profesa hakupoteza muda. Akavikusanya vibanio vyote, akavibana kwenye furaha. Kimoja kimoja, vimejipanga kama askari.

Tembo akamvuta gauni la shule. "Dada, changu si hapo."

"Leo ni hapo."

"Dada, mama amechukuliwa na gari. Alikuwa analia."

"Nyamaza! Watoto wazuri hawaogopi. Wageni wanakuja, kaa chini."

Tembo akakaa.

Mkaguzi aliingia, tumbo mbele na mikono nyuma, mwalimu akimfuata. Aliutazama ubao, uso ukamchanua. "Ala! Wote wana furaha! Hongera sana, mwalimu." Wala hakujiuliza ni wapi duniani darasa zima la watoto wa miaka minne huamka na furaha kwa pamoja. Alikuja kuona mazuri, akayaona, akaridhika. Mwalimu aliutazama ubao, akawatazama watoto, akataka kusema neno, lakini mgeni alikuwa keshamshika kwa maswali. Profesa alitabasamu hadi masikio yakamuuma.

Mgeni alipoondoka, mlinzi alifungua geti kubwa gari lake lipite. Watoto walikuwa uwanjani wakicheza. Waliporudi darasani, Tembo hakuwamo.

Walimtafuta vyooni, stoo, nyuma ya jiko. Mwalimu mkuu mwenyewe alichungulia chini ya meza.

"Atakuwa amejificha tu," alisema. "Vitoto vina michezo."

"Huenda," mwalimu wa chekechea alisema. "Leo alibana furaha. Ingekuwa ni woga, ningejua amemfuata mama yake."

Profesa alisikia maneno hayo. Yeye peke yake ndiye aliyejua. Akisema, ameumbuka mbele ya mwalimu mkuu. Asiposema, wataendelea kuchungulia chini ya meza, na nje ya geti kuna barabara ya malori.

"Ni mimi," alisema hatimaye. "Nilivihamisha vyote. Alibana woga. Aliniambia mama yake amechukuliwa na gari, nikamwambia anyamaze."

Hakuna aliyemgombeza, maana hakuna aliyebaki. Mwalimu alikuwa keshafika getini, anakimbia kwenye njia ya hospitali. Profesa akamfuata.

Walimkuta kwenye njia panda, mbele ya kibanda cha fundi baiskeli. Fundi alikuwa amemshika mkono, mkono mwingine una spana.

"Mama mwalimu, huyu ni wenu?" alifoka. "Nimemdaka anavuka mbele ya lori! Shule gani hiyo inayomwaga watoto barabarani?"

Mwalimu alimkumbatia Tembo, machozi yakimtoka bila kujificha. Kisha akampigia simu shangazi yake mtoto. Mama alikuwa salama, amejifungua msichana, naye alikuwa anamuulizia Tembo.

Walipokuwa wanarudi, Tembo mgongoni, mwalimu alimgeukia Profesa.

"Asubuhi, ulipouona ule ubao, ulihisi nini?"

"Niliona haupendezi."

"Sikukuuliza ubao. Nimekuuliza wewe."

Profesa alipiga teke kijiwe. "Niliogopa. Niliogopa mkaguzi atanidharau."

"Haya. Huyu mwenye miaka minne alijua jina la kinachomsumbua, akakitaja mchana kweupe. Wewe na vyeti vyako ukakificha, na cha kwake ukakificha pia. Waliosema mficha maradhi kilio humfichua hawakukosea, mwanangu, na leo tumebakiza kidogo tu tukisikie hicho kilio. Woga si ubaya, na hasira si ubaya. Ubaya ni kumziba mtu mdomo ili wewe uonekane mzuri. Mwombe radhi."

Profesa akamgeukia mtoto. "Tembo, nisamehe."

Tembo alimtazama kutoka mgongoni kwa mwalimu. "Sitaki. Nina hasira na wewe."

Profesa alifungua kinywa amwambie kwamba watoto wazuri hawana hasira. Akakifunga.

"Haya," alisema. "Niambie."

Tembo akamwambia, njia nzima hadi getini, naye akasikiliza.