Tuta la Nyuma ya Jiko

"Kama mboga zenu ni nzuri, mbona nyinyi wenyewe hamzili?"

Sauti hiyo ilikuwa ya Mama Bata. Mtaa mzima uliisikia, na asiyesikia alihadithiwa kabla chai haijachemka. Alikuwa amesimama uani kwa jirani yake, Mama Mchicha, na bata wake waliokufa walining'inia mkononi.

"Nani kakwambia hatuzili?" Mama Mchicha akajibu, mkono kiunoni.

"Macho yangu! Hilo tuta nyuma ya jiko ni la nani? Mmelizungushia magunia kama bafu. Mboga zake zina matundu na hazinuki dawa. Zile mnazoniuzia mimi zinang'aa kama zimepakwa mafuta!"

"Hilo ni tuta la nyumbani tu."

"Na sisi wanunuzi ni wa wapi? Wa porini?"

Watu walicheka. Kisha kila mmoja akakumbuka alichokula jana.

Mama Mchicha na mumewe walilima mboga kando ya kijito. Jioni mume alipuliza dawa ya wadudu. Asubuhi mke alichuma, akauza. Wateja walitaka jani lisilo na tundu hata moja. Mume akimaliza kupuliza, aliosha bomba lake la kupulizia kijitoni. Bata wa jirani walikunywa maji hapo chini.

"Mkwe wangu ana mimba," Mama Bata alisema, na sauti ikaanza kukatika. "Kliniki wamesema damu imepungua, ale mboga za majani. Kila siku namlisha zako. Kumbe namlisha dawa! Mkuki kwa nguruwe, shoga. Kwako mchungu."

Akawatupa bata mlangoni, akaondoka.

Tangu siku hiyo, jani la kijani halikuingia nyumbani kwa Mama Bata. Mkwe alikula wali mtupu na chai. "Heri njaa kuliko sumu," mama mkwe alimwambia. Viganja vya mkwe vikapauka. Akitoka bafuni, anashika ukuta. Mwisho alianguka jikoni, akabebwa hadi hospitali. Aliongezewa damu. Mtoto akaja kabla ya wakati, mdogo mno, analia kama paka aliyefungiwa nje.

Alikuwa hai. Lakini mtaa haukusikia kigelegele.

Habari zilimfikia Mama Mchicha akiwa anafunga mafungu. Aliyaacha pale pale. Alimtafuta bibi shamba, yule mtaalamu wa kilimo ambaye zamani walimfukuza kwa maneno: "Kulima tunajua, mama. Kafundishe wengine."

Bibi shamba alikuja na buti zake za matope.

"Nioneshe chupa ya dawa," alisema. Akaigeuza. "Hapa pameandikwa siku za kusubiri. Ukishapuliza, unangoja siku hizo ziishe, ndipo unachuma. Nyinyi mnangoja kukuche tu."

"Lakini tunaziosha, dada," mume alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. Kifua kilimsumbua msimu mzima.

"Osheni. Maji yanatoa udongo na baadhi ya dawa iliyo juu. Iliyoingia ndani ya jani haitoki. Na wewe unapuliza bila kuziba pua wala mdomo. Unajipulizia mwenyewe."

"Sasa wadudu tuwakaribishe chai?"

"Dawa hii inaua hata wadudu wanaokula wadudu waharibifu. Waharibifu wakirudi, hawana adui tena. Ndiyo maana kila msimu mnaongeza dawa. Viwavi waokoteni kwa mkono. Wadudu wadogo wa majani wapulizieni maji yenye sabuni kidogo. Msipande mboga ileile tuta lilelile kila msimu. Dawa iwe ya mwisho, kwa kipimo chake, na siku zitimie. Acheni ukanda wa nyasi kati ya shamba na kijito. Na bomba lisioshwe kijitoni tena."

Mama Mchicha aliuliza polepole, "Yule mkwe wa jirani... ni mboga zangu?"

"Sijui kama dawa ilimdhuru. Daktari hakusema hivyo. Ninachojua, mjamzito anahitaji mboga za majani, maharagwe, na vidonge vya kliniki. Yeye aliacha mboga kwa kuogopa. Na hofu hiyo mliipanda nyinyi."

"Wateja watakimbia," mume alisema.

"Wengine watakimbia," bibi shamba alikubali.

Walikimbia kweli. Viwavi walimaliza tuta zima, na Mama Mchicha alilia hadharani. Lakini aling'oa magunia nyuma ya jiko. Akaacha nyasi ziote kando ya maji. Mume akapumzisha bomba, na kikohozi kikapungua. Baada ya mvua, chura mmoja alilia kijitoni. Mmoja tu. Samaki waliokuwamo zamani hawajarudi hadi leo. Wateja walianza kurudi, nusu yao, wakilalamikia matundu huku wakinunua.

Mchana mmoja Mama Bata alipita na mkwe wake, mtoto mgongoni. Alikuwa hajamsalimia jirani tangu siku ya bata. Mama Mchicha alitoka mlangoni na mwiko mkononi.

"Jirani. Nimepika."

Mama Bata alisimama. "Umechuma tuta gani?"

"Siku hizi hakuna la kwenu na la kwetu. Tunauza tunachokula."

"Maneno hayo. Anza wewe."

Mama Mchicha aliingia, akaleta sufuria nzima mlangoni. Akatia mboga kwenye kiganja chake, ya moto, akala. Akachota tena, akala.

Mama Bata alimtazama mpaka alipomeza.

"Bata wangu hawatarudi," alisema.

"Hawatarudi, dada. Najua."

Mkwe alishusha mtoto mgongoni, akampa Mama Bata ambebe. Harufu ya mboga ilikuwa imemfikia.

"Ingieni basi," Mama Mchicha alisema. "Sahani yako, mwanangu, ndiyo ya kwanza."